Mto wa Mbu hadi ziwani Manyara kwa baiskeli: fuata mfereji tu (uzi wa wenye vitambi)

#1 Kitambi Barabarani

Wakuu heshima kwenu.

Humu ikiletwa mada ya baiskeli wanajitokeza wale wa kilomita 100 kwa siku, nguo zimewabana kama ngozi ya ngoma, sisi wengine tunasoma kimyakimya na kusepa. Huu uzi ni wa sisi wengine. Nina miaka 47, kitambi kipo, na kabla ya mwezi uliopita mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa Phoenix ya marehemu baba, nikiwa darasa la saba, napeleka mahindi mashineni.

Nilikuwa na kazi Karatu, ikaisha Ijumaa mapema. Nikashuka Mto wa Mbu nikalala. Wengi wetu mji huu tunaujua kwa dirisha la gari: ndizi nyekundu, vinyago, matuta, basi tumepita tunapandisha ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Ngorongoro. Jumamosi asubuhi nikakodi baiskeli ya gia na kijana wa kuniongoza, nikamwambia kabisa, "Mdogo wangu, mimi sishindani na mtu." Akacheka. Akaniambia leo tutafuata maji.

Na ndilo lililonileta hapa, hilo la kufuata maji.

Pale Mto wa Mbu maji yanatoka nyanda za juu za Ngorongoro. Mengine yanashuka kwa mito kama Kirurumo, mengine yanapenya chini kwa chini kwenye miamba ya volkano na kuchomoza chini ya ule ukuta. Ndiyo yanayolisha ule msitu mnene unaoukuta mara tu ukipita lango la hifadhi, msitu ambao mvua ya pale peke yake isingeuweza. Nje ya hifadhi wakulima wameyakamata maji hayohayo. Kuna banio, yaani kizuizi cha kugeuza maji ya mto, na kutoka kwenye banio unaanza mfereji mkuu, mfereji mkuu unazaa midogo, midogo inazaa mitaro, na mitaro inaishia kwenye migomba na majaruba ya mpunga. Yanayobaki yanajiendea ziwani.

Sasa fikirini. Aliyechimba mfereji alifuata mteremko ule mdogo kabisa ambao jicho halioni ila maji yanauona. Wewe ukipita na baiskeli kwenye njia ya kando yake unateremka bila kujua kama unateremka. Nilipiga peda saa nzima nikajiona mwanamichezo. Siri niliijua wakati wa kurudi.

Njia yenyewe ni ya udongo, imebanwa na nyayo za watu na matairi ya baiskeli za mizigo. Migomba imefunika juu, jua linaingia kwa vipande vipande, na upande wa kushoto maji yanakwenda kwa kasi ileile unayokwenda wewe. Kuna jani la mgomba nililiona linaelea tukaenda nalo sambamba kama dakika kumi. Likikwama kwenye gogo mimi nasonga mbele, likichomoka linanikuta nahema. Yule kijana alipoona nalitazama jani akaniuliza, "Mzee, mnashindana?"

Kwenye lango moja la maji tulimkuta mzee na jembe lake, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Mnakwenda wapi na hayo mabaiskeli?"
"Ziwani, mzee."
"Ziwa leo liko mbali."
"Mbali kiasi gani?"
"Juzi lilikuwa karibu."

Nikadhani ananitania. Kumbe Manyara ni ziwa la kina kifupi na halina mto unaotoka. Maji yakiingia yanatanda kama maji yaliyomwagika kwenye meza, jua likiwaka yanajikunja. Mwaka huu ufuko uko hapa, mwaka kesho uko kilomita kadhaa kule. Ndiyo maana mtu akikupa umbali kamili wa kutoka mjini hadi ziwani, muulize alikwenda lini.

Ukitoka kwenye mpunga ghafla hakuna mti tena. Uwanda mweupe, mawazo yote yanakutoka. Nyumbu na pundamilia wanakula majani pamoja na ng'ombe wa Wamaasai, hakuna uzio, na kule mwisho kabisa kuna mstari mwekundu-mwekundu unaotetemeka kwa joto. Ni flamingo, heroe kwa Kiswahili cha vitabuni. Mimi kwa kiherehere nikaona ardhi imekauka, imepasuka vizuri kama biskuti, nikaongeza kasi niwasogelee. Mita kama thelathini hivi. Tairi la mbele likatoboa ule ugaga mweupe wa magadi, chini yake tope jeusi linalonuka mayai viza, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea.

Hakuna kilichovunjika. Ila wakuu, magadi kwenye mchubuko yanauma.

Nitarudi kuendelea, naitwa mezani.

#2 Chumvi Kidogo

Uzi wa safari bila picha ni chai. Lete picha mkuu.

#3 Kitambi Barabarani

Mkuu, simu ilizama mtaroni saa tatu asubuhi. Tulikuwa tunavuka kidaraja cha magogo mawili, kijana akaniambia nishuke nisukume, mimi nikasema naweza. Simu ilikuwa mfuko wa shati. Iko kwenye mchele hadi leo, siku ya kumi na nne.

#4 Mkulima wa Majengo

Mleta mada umeandika vizuri, lakini ngoja niseme kitu kwa niaba ya sisi wenye hiyo mifereji.

Njia ya kando ya mfereji haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli za kutembea. Ni ya kusafishia mfereji na kutolea mazao. Mtu wa baiskeli ya gia akishachoka na njia anahamia kwenye kingo za majaruba, maana zimenyooka na zinapendeza kupiga picha. Kingo ile ni udongo nilioukandika kwa mkono. Ukipita na tairi lenye meno mara tatu inapata ufa, usiku maji yanatoka kwangu yanakwenda kwa jirani, asubuhi mimi na jirani hatusalimiani. Maji ni ya zamu wakuu. Nikipangiwa zamu saa nane usiku naamka saa nane usiku. Zamu ikipita hadi nyingine ni siku kadhaa, na mpunga hausubiri.

Pili, kengele. Mama amebeba mkungu wa ndizi kichwani, njia upana wake ni mkono mmoja, wewe nyuma unapiga kengele kring kring apishe. Apishe aende wapi? Mtaroni? Mwenye mzigo hapishi. Wewe mwenye magurudumu ndiye unayeshuka.

Sina ugomvi na wageni. Wanakunywa mbege kwa Wachaga wetu, wananunua mikeka ya mafunjo kwa Warangi, vinyago kwa Wamakonde, kuna na mtu wa Kigoma anawaonyesha mawese. Mji huu una makabila zaidi ya mia, kila mtu alikuja na lake akakuta maji. Pesa zinabaki. Ila kingo mniachie.

#5 Kitambi Barabarani

Mkulima nimekusoma, na nakiri kosa. Kijana wangu alinikataza kupanda kingo, nikapanda mara moja wakati anakunywa maji. Sikujua habari ya zamu za usiku. Niwie radhi, na kama jaruba lilikuwa lako niambie tuongee pembeni.

Hilo la mwenye mzigo kutopisha naliunga mkono kabisa. Nilikuta akina mama wawili na mikungu, nikashuka nikajibanza kwenye mgomba na baiskeli yangu nikiwa nimeikumbatia. Mmoja akasema, "Asante baba, na wewe umechoka eeh?" Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

#6 Sindano Haiumi

Nafanya kazi ya uuguzi, naomba niwaharibie raha kidogo.

Maji ya mifereji yanayokwenda taratibu yana konokono, na penye konokono hao na watu kuna kichocho. Ukiona maji meupe, miguu inawaka moto, usiingie kuogelea wala kusimama humo unaosha baiskeli. Kimelea kinapita kwenye ngozi nzima, hakihitaji kidonda. Mleta mada uliyezama mtaroni, baada ya wiki sita hadi nane pita kituo cha afya upime mkojo na choo, dawa ipo na ni rahisi. Usisubiri mpaka ukojoe damu.

Malaria sihitaji kusema, jina la mji linajieleza. Suruali ndefu na mikono mirefu ikifika saa kumi na mbili, na chandarua.

#7 Kitambi Barabarani

Dada Sindano, hapo umenitia joto. Nitapima.

#8 Solushen

Mimi ni fundi baiskeli, miaka ishirini na mbili sasa, nikiwa Arusha. Watu wananiletea baiskeli zikitoka huko ziwani na kila mara ni magonjwa matatu yaleyale.

La kwanza miiba. Kwenye migomba hakuna shida, ukitoka uwandani kuna migunga. Mwiba wa mgunga unaingia kama sindano na hautoki, na mtu akiweka tyubu mpya bila kupapasa ndani ya tairi anapata pancha ya pili baada ya mita mia. Pitisha vidole ndani ya tairi taratibu, mwiba utakuambia ulipo. Beba tyubu mbili, viraka, solushen, pampu. Usitegemee pampu ya kijana anayekuongoza, pampu za kukodi zina tabia ya kubaki nyumbani.

La pili upepo. Watu wanajaza tairi ngumu kama jiwe kwa sababu ndivyo walivyofundishwa na baiskeli za mizigo. Wewe hubebi gunia. Punguza upepo mpaka ukibonyeza kwa dole gumba linabonyea kidogo. Tairi linakaa kwenye udongo, makalio yanashukuru.

La tatu ndilo linaloua baiskeli: magadi. Lile tope la ziwani likikauka kwenye cheni leo, wiki ijayo cheni ina kutu ya rangi ya chungwa, wiki mbili gia hazibadiliki. Siku hiyohiyo mwagia maji safi ya kisima (si ya mtaroni, umesikia muuguzi), kausha kwa kitambaa, tia oili kidogo, futa inayozidi. Ukishindwa kufanya hivyo basi usiingize baiskeli kwenye ugaga, iache penye majani utembee kwa miguu. Ningekuwa na shilingi kwa kila baiskeli ya kukodi niliyoona haijaoshwa, duka lingekuwa na ghorofa.

Nyongeza kwa wenye vitambi: pandisheni siti. Karibu kila mtu ninayemwona anaendesha magoti yakiwa kifuani kama anakamua ng'ombe. Peda ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Nusu ya uchovu inaisha hapo.

#9 Wa Naivasha

Habari ndugu zetu. Huku kwetu Kenya mtu wa kitambi anapelekwa Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha. Ni hifadhi ya taifa tangu 1984 na unaruhusiwa kuingia na baiskeli, unapita katikati ya punda milia na twiga kwenye barabara ya murram. Baiskeli zinakodishwa nje ya geti. Raha yake ni kwenda, kurudi upepo unakuja usoni na vumbi lote unalila. Mifereji hatuna kule, hiyo ya kwenu naionea wivu. Mwendo wa maji ni kitu kingine.

Pale ukiingia tu unakuta mwamba umesimama peke yake, Fischer's Tower, vijana wanaupanda na kamba.

#10 Mwalimu wa Zamu

Wa Naivasha umenigusa penyewe, samahanini nitakuwa mrefu.

Huyo Fischer ni Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita maeneo hayo mwaka 1883. Katika safari hiyohiyo, Julai 1883, alipita mahali panapoitwa Engaruka, kama kilomita 60 kaskazini ya Mto wa Mbu, chini ya ukuta uleule wa Bonde la Ufa, akaandika kuhusu magofu ya mawe aliyoyaona. Mwanaakiolojia Louis Leakey akaenda kuyachunguza 1935. Ni nini? Mifereji, wakuu. Mashamba ya matuta yaliyopangwa kwa mawe na mifereji ya kumwagilia, maelfu ya hekta, na vijiji juu yake kwenye miteremko. Watu waliishi pale takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, wakaondoka. Wengine wanasema wazao wao ni Wairaqw, wengine wanawataja Wasonjo ambao mpaka leo ni mabingwa wa mifereji. Mimi nimefundisha historia muda mrefu na sijashawishika na upande wowote kwa asilimia mia.

Ninachotaka kusema: ule ujanja wa kuona mteremko usioonekana, alioueleza mleta mada, ukanda ule umekuwa nao kabla ya skimu yoyote ya serikali. Ukisimama Engaruka unaona mstari wa mawe umekwenda umbali mrefu na kushuka kidogo sana, hakuna darubini, hakuna chochote. Nilipeleka wanafunzi mara moja. Mmoja akamwaga maji ya chupa kwenye mfereji uliokufa miaka mia mbili na zaidi, tukakaa kuyatazama. Yakaenda. Yalifika kama hatua nne yakanywewa na udongo, lakini yalikwenda upande uleule.

Mwenye miguu anaweza kwenda kwa baiskeli kupitia Selela. Ila hiyo si ya kitambi. Vumbi la volkano, jua, na hakuna mgomba wa kujibanza.

#11 Chumvi Kidogo

Mwalimu hapo kwenye chupa ya maji nimekaa. Nafuta neno chai.

#12 Mama Mapacha

Swali: nina watoto wa miaka kumi, wanajua baiskeli. Inafaa? Na je, hiyo siyo hifadhi? Nisije nikafika langoni nikadaiwa kiingilio cha familia nzima.

#13 Kitambi Barabarani

Shikamoo mama, au karibu dada, sijui umri.

Kuna hifadhi mbili zinachanganywa. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, ya tangu 1960, ina lango, kiingilio, tembo, simba wanaopanda miti. Huko hatukuingia na baiskeli, na simshauri mtu aende na watoto kujaribu bahati. Halafu kuna eneo kubwa zaidi ambalo tangu 1981 liko kwenye mpango wa UNESCO wa Binadamu na Viumbe Hai, na humo ndani watu wapo, wanalima, wanachunga. Mifereji na vijiji tulivyopita ni upande huo wa watu. Tulilipa baiskeli na mwongozaji basi. Bei sitaji maana kila mtu anapatana kwake, lakini ongea Kiswahili tangu salamu ya kwanza, na upatane kabla ya kupanda siyo baada ya kushuka.

Watoto kwenye migomba na mpunga wataweza kunishinda mimi. Ziwani ndiyo waangalie. Viboko wanatoka majini jioni kula majani, na tembo hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Sisi saa tisa tulikuwa tumeshageuza. Ukitaka safari fupi zaidi kuna Miwaleni, bwawa la mafunjo na maporomoko madogo, unapita kwenye migomba mwanzo mwisho na kivuli hakikuachi.

#14 Mkulima wa Majengo

Mama Mapacha waje. Watoto hawanivunjii kingo, wanaogopa. Wanaovunja ni watu wa miaka 47.

Kipindi kizuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Masika usijaribu. Ule udongo mweusi ukilowa unajiviringisha kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, utabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba.

#15 Solushen

Haya mmenichokoza. Jumamosi ya wiki ijayo nashuka na baiskeli yangu mwenyewe juu ya keria ya Coaster, naondoka Arusha saa kumi na mbili asubuhi, tunapita Makuyuni, saa tatu niko Mto wa Mbu inshallah. Nina nafasi za watu watatu wanaoweza kutengeneza pancha wenyewe. Kitambi, wewe huhesabiwi, wewe utakuja kama mgonjwa.

#16 Kitambi Barabarani

Nakuja. Siti nimeshapandisha, mke wangu anauliza nimepata wapi baiskeli ndefu hivi.

#17 Mama Mapacha

Sisi tutakuwa wanne na pampu mbili. Mkulima, ukija langoni kwa maji siku hiyo tukusalimie, utakuwa umevaa nini?

#18 Mkulima wa Majengo

Jembe.